Tusipike sashe kwenye mbabula

Leo tuanze na kosa letu wenyewe.

Tulisikia kwamba maganda ya karanga yaliyosagwa yakichanganywa na plastiki iliyoyeyushwa yanatoa ubao mgumu, usioliwa upesi na mchwa. Sisi walimu tukaona benchi za watoto wetu! Jumamosi moja, katika parseli ya mwenzetu, tukaweka chungu cha zamani kwenye mbabula, tukayeyusha sashe tulizookota karibu na soko la Kikula.

Moshi ukajaa parseli nzima. Mtoto wa mwenzetu alikohoa usiku kucha, hatukulala. Na ubao wetu? Ulijaa matundu kama andazi, ukavunjika mkononi.

Baadaye tukauliza kwa mwenzetu aliyesoma kemia, tukaelewa. Maganda hayakuwa makavu: maji yake yaligeuka mvuke ndani ya plastiki, ndiyo matundu yale. Tena joto la makala halipimwi. Plastiki ya sashe inayeyuka kwenye digri 110 hadi 130 hivi. Joto likikaribia 200, maganda nayo yanaanza kuungua. Kiwandani mashine inashika joto sawasawa, inakanda na kukandamiza. Plastiki ya mabomba ndiyo mbaya zaidi: ikiungua inatoa hewa ya asidi inayoumiza kifua.

Kazi yenyewe inawezekana. Huko Nairobi, mama Lorna Rutto aliacha kazi ya benki, akaanzisha EcoPost, inayogeuza plastiki ya takataka kuwa nguzo za uzio. Lakini hicho ni kiwanda, si mbabula.

Serikali yetu ilikataza sashe mwishoni mwa 2017, lakini mvua ikianza bado zinaziba mitaro yetu. Basi tumeamua hivi: hatuyeyushi tena plastiki nyumbani. Sashe tunaziosha na kuziweka gunia moja, chupa gunia lingine. Maganda tunayaanika mpaka yavunjike kwa vidole. Siku akipatikana mwenye mashine, tutakuwa na kitu cha kumuuzia.

Ila tuchange yale yanayobaki tu. Magunzi ya mahindi yanatuwashia moto, na maganda yaliyooza yanalisha bustani. Yakishaingia kwenye plastiki, hayarudi tena udongoni.

Mtoto amepona. Lakini kila tukishika chungu anauliza: "Mama, munapika tena sashe?"

Hapana, mwanetu. Leo ni maharagwe.