Redio ibadilike, spika zikae

Wasee, acha niseme hii kitu wazi: kama gari yenu ilitoka Japani na mnataka isikike vizuri, badilisheni redio, spika ziacheni mahali ziko. Najua wengine wataniona mshamba. Kutoka Makutano hapa Meru mpaka steji ya Embu, ukitaja tu kwamba unanunua redio, lazima mtu akuulize, "Na spika je? Hizo za kuja na gari ni karatasi, zitachomeka wiki ya kwanza."

Hayo maneno yamemaliza watu pesa. Nimeyasikia tangu nikiwa shule, na mwaka huu yakafika kwetu nyumbani.

Gari ni ya mathe, Fielder ya mtumba. Tunaishi Meru mjini lakini shosho yuko Runyenjes, kwa hivyo kila mwisho wa mwezi tunashuka Nkubu, Chogoria, Chuka, tunavuka mto Thuci, tunaingia Embu. Ukipita hiyo njia na masikio wazi utasikia lugha ikibadilika: Kiimenti, Kimwimbi, Kichuka, halafu Kiembu. Mathe anataka Muuga FM tukitoka nyumbani na Wimwaro FM tukikaribia kwao. Shosho naye tukimpeleka kliniki anataka matangazo ya vifo, na anayataka kwa Kiembu. Shida ni kwamba redio yenyewe ilikuwa inaongea Kijapani.

Si utani. Japani FM yao ya kawaida ilitengewa masafa ya megahezi 76 hadi 90. Huku kwetu FM inaanzia 87.5 hadi 108. Kwa hivyo redio ya aina hiyo inashika kile kipande kidogo cha chini tu, na stesheni nyingi za Kenya ziko juu yake. Ndiyo maana watu hufungiwa kale kasanduku kadogo nyuma ya redio, kanakoshusha masafa ili stesheni zionekane mahali redio inaweza kufika. Kanasaidia, lakini namba unayoona kwenye skrini si ile halisi, na mara nyingi kanaleta kelele. Halafu kuna zile redio za skrini ambazo betri ikitolewa tu zinajifunga na kudai kadi ya ramani ya Japani. Ramani ya Osaka itakusaidia nini ukiwa Chogoria?

Kwa hivyo redio ilihitaji kubadilishwa, hapo hakuna ubishi. Ubishi ulianza mathe alipoenda kuuliza bei. Fundi mmoja akampigia hesabu: redio ya skrini ya Android 14,500, spika nne 12,000, amplifaya 9,000, wufa na boksi lake 8,500, kazi 3,000. Jumla 47,000. Mathe alikuwa ametoka kupokea zamu yake ya chama, 50,000. Na sista alikuwa anaripoti chuo mwezi huo huo.

Sababu ya fundi ilikuwa moja. Redio mpya imeandikwa 4 x 60W, yaani wati 60 kwa kila spika, na eti spika za kiwandani haziwezi kubeba hiyo nguvu. Nikamwomba mathe siku mbili, nikakaa chini na kalamu.

Hesabu ni ya fizikia ya sekondari: volti mara ampea ni wati. Gari ikiwa imewashwa umeme wake ni kama volti 14.4. Angalia nyuma ya redio, kuna fyuzi. Hiyo tuliyoonyeshwa ilikuwa ya ampea 10. 14.4 mara 10 ni wati 144, na hapo ndani kuna skrini, kompyuta yake na joto linalopotea. Wati 60 mara spika 4 ni 240. Sasa niambie hizo nyingine zinatoka wapi. Boksi linaweza kuandikwa chochote, fyuzi haina mtu wa mauzo.

Na hata ukisahau fyuzi, amplifaya iliyo ndani ya redio ya kawaida, ikipewa hizo volti 14 na spika ya omu 4, haiwezi kutoa zaidi ya wati 20 na kitu za sauti safi kwa kila spika. Redio ya zamani nayo ilikuwa na amplifaya ya aina hiyo hiyo. Maana yake, spika hazikuwa zinapelekewa mzigo mpya. Zilikuwa zinapelekewa mzigo ule ule, ila kutoka mahali pasafi zaidi.

Kuna kitu kingine masikio yetu hufanya ambacho wauza wati hawatuambii. Ukiongeza nguvu maradufu, sauti inapanda desibeli 3 tu, kiasi kidogo ambacho unakisikia lakini hakikushtui. Ili sauti ikufikie kama imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji karibu nguvu mara kumi. Kwa hivyo mtu anayejigamba amehama kutoka wati 20 hadi 40, mwambie hongera, umenunua desibeli 3.

Basi ni nini huchoma spika? Mara nyingi ni kuilazimisha amplifaya ndogo ipite uwezo wake. Ukifungua sauti mpaka mwisho, besi umeweka juu kabisa, amplifaya inaishiwa na umeme na mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa. Hapo ndipo unasikia ule ukali wa kukwaruza. Hizo kelele zina nguvu nyingi ya juu, na zile spika ndogo za sauti nyembamba ndizo huenda kwanza. Halafu lawama inaenda kwa kiwanda cha Japani, na ni mkono wa mtu uliokuwa kwenye kitufe.

Tulinunua redio peke yake. 14,500, plagi ya kuunganisha 1,000, kazi 1,500. Jumla 17,000. Na kwa sababu kazi ikifanywa vibaya hata spika za laki zitalia kama kopo, nilisimama hapo na fundi mwingine mpaka akamaliza. Hivi ndivyo vitu vya kuangalia.

Usikubali waya za gari zikatwe. Kuna plagi zinazoingia kwa soketi za Toyota moja kwa moja, na kesho ukitaka kurudisha redio ya zamani unachomoa tu. Upande wa redio mpya, rangi nyingi hufuata mtindo mmoja: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni umeme wa ufunguo, nyeusi ni ya kurudi kwa bodi. Nyeupe na kijivu ni spika za mbele, kijani na zambarau ni za nyuma, na yenye mstari mweusi ni hasi. Njano na nyekundu zikibadilishana, redio itasahau stesheni zako kila ukizima gari. Zikiunganishwa zote kwa umeme wa kudumu, redio inaweza kubaki macho usiku kucha na asubuhi ukaanza kuomba majirani wasukume.

Kubwa zaidi ni chanya na hasi za spika. Spika moja ikigeuzwa, bado italia, lakini yenyewe inarudi nyuma wakati mwenzake inaenda mbele, na besi zinauana hewani. Gari nyingi zinazosemwa zina spika mbovu zina huo ugonjwa tu. Kupima ni rahisi: weka balansi katikati, cheza wimbo wenye mwimbaji mmoja. Sauti yake ikitoka katikati ya dashibodi, uko sawa. Ikitawanyika kama haina mwenyewe, na besi haipo, kuna waya imegeuzwa.

Mlango nao ni sehemu ya spika. Ukifunguliwa, hakikisha ile karatasi ya plastiki ya ndani imerudishwa vizuri. Ikipasuka, mvua zetu za hapa mlimani zitapitia kwa kioo na kudondokea spika. Ya karatasi haitasamehe. Na skurubu zikazwe, kwa sababu mlango unaotetemeka unakula besi.

Mwisho, mipangilio. Kwa redio yetu kulikuwa na sehemu imeandikwa HPF, kichujio kinachozuia besi ya chini sana isiende kwa spika za milango. Tuliweka 80. Besi kwa ikwalaiza tukaacha sifuri. Halafu nikapandisha sauti polepole mpaka ikaanza kuwa kali, nikarudi nyuma kidogo, nikamwambia mathe hiyo ndiyo mwisho. Na muziki wenyewe uwe mzuri. Miksi iliyozunguka WhatsApp mara kumi haitaponywa na spika yoyote.

Wiki mbili baadaye tulikuwa tunampeleka shosho kliniki. Matangazo yakaanza, na ghafla akamwambia mathe asimamishe gari. Jina lililosomwa lilikuwa la mwanamke waliyeolewa kijiji kimoja, wakachuma kahawa pamoja miaka mingi, na hakuna mtu alikuwa amemwambia. Mazishi yalikuwa Alhamisi. Alienda. Akaimba na wenzake, akarudisha heshima yake kama inavyotakiwa. Kilichomfikishia habari ni spika ya karatasi iliyotoka Japani na gari. Sauti ya mtu akiongea haihitaji wati 60. Inahitaji kusikika wazi, na hapo hizo karatasi nyepesi ziko vizuri kabisa kwa nguvu kidogo.

Sasa msinielewe vibaya. Kuna wakati spika lazima zitoke. Kama ukingo wake umeraruka, kama zinanguruma hata kwa sauti ya chini, badilisha. Kama unataka besi ya kugonga kifua, spika ya mlango haitakupa, hiyo ni kazi ya wufa na amplifaya yake, na ni pesa yako. Na kama gari ina mfumo wa JBL au Bose wa kiwandani, tulia kwanza: mara nyingi kuna amplifaya imefichwa mahali na spika ni za omu 2 au chini. Ukiziunganisha moja kwa moja na redio ya kawaida unaweza kuichemsha. Hapo tafuta fundi anayezijua.

Lakini hizo ni sababu. "Watu watasema nini" si sababu. Sisi vijana wa huku tumekua tukiona gari ikipimwa kwa vile inatetemesha vioo vya duka, na mafundi wanajua hivyo. Hawauzi spika tu, wanauza aibu: wanakufanya uone haya kwa kile ulicho nacho, halafu wanakuuzia dawa. Na ukiwa na miaka 20, ya kwanza ya kuendesha gari ya mathe, hiyo aibu inauzwa haraka sana.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu. Badilisha kitu kimoja, kile ambacho kweli kinakuzuia. Sikiliza mwezi mzima. Kama bado kuna kitu kinakosekana, utakuwa unajua ni nini hasa, na utanunua hicho. Nyumbani kwetu huo mwezi ulipita na hakuna aliyeuliza spika. Zile 33,000 zilizobaki kwa pesa ya chama zilienda chuo na sista, na zilitosha godoro na chumba cha muhula wa kwanza. Hebu muulize yeye kama alitaka wufa.