Jina la Mke Wangu Katika Kanda

Nyumbani kwangu Kirumba, chini ya kipande cha kanga kuukuu, imo kompyuta ambayo wajukuu wangu huiita sanduku la samaki. Ndani yake umo mtambo wa kunakili kumbukumbu katika kanda ya sumaku, nilioufunga kwa mikono yangu mwezi Juni, 1996. Gurudumu lake la mpira limekwisha yeyuka likawa kama ulimbo, lakini sijakubali utupwe.

Wakati huo nilikuwa karani wa chama chetu cha akiba na mikopo. Kompyuta, ambazo serikali ilipiga marufuku kuingizwa nchini mwaka 1974, zilikuwa zimeanza kuonekana maofisini, nasi tulinunua moja iliyokwisha tumika. Tarehe 21 Mei, 1996 meli ya MV Bukoba ikazama ikikaribia Mwanza. Mamia walikufa, na mwanachama wetu mmoja alikuwa miongoni mwao. Orodha ya abiria haikuwa kamili. Watu walisimama ufukweni wakitaja majina ya jamaa zao, na majina hayo hayakuwa na mahali pa kutafutwa.

Niliporudi ofisini niliitazama ile kompyuta kwa hofu. Wanachama wote, akiba zao na warithi wao walikuwa ndani ya diski moja isiyozidi ukubwa wa kiganja. Kuinakili diski hiyo ya megabaiti 80 kungetaka visahani vya plastiki zaidi ya 50. Kanda moja ya aina ya QIC-80, fupi kuliko kaseti ya muziki, ilichukua megabaiti 120.

Nilichomoa waya wa umeme ukutani, nikagusa bati la kompyuta ili umeme tuli wa mwilini usiharibu vipande vya ndani, nikauingiza mtambo chini ya mlango wa visahani na kukaza skrubu. Ulitumia utepe ule ule wa nyaya unaohudumia visahani. Hapo ndipo nilipokosea. Ukingo mwekundu wa utepe sharti uelekee pini ya kwanza. Mimi niliugeuza, na nilipowasha, taa ya visahani ikawaka isizimike. Jasho lilinitoka ingawa upepo wa ziwa ulikuwa ukipita dirishani. Kwa bahati hakuna kilichoungua.

Kuiandaa kanda mpya peke yake kulichukua zaidi ya saa nzima, na umeme ukakatika katikati, nikaanza upya. Usiku mke wangu, muuza dagaa na mwanachama wetu, akaniletea chakula.

“Baba watoto, umeisoma?”

“Nimekwisha iandika.”

“Nauliza kama umeisoma. Futa jina langu, kisha ulirudishe. Kitabu changu cha akiba ninacho.”

Nikalifuta. Kanda ikazunguka, ikanguruma, kisha kioo kikaonyesha kosa. Jina halikurudi. Yeye alicheka, mimi sikuweza. Kesho yake alileta kitabu, nikaiandika upya hesabu yake, nikanakili katika kanda ya pili, nikalifuta jina tena mbele ya macho yake. Safari hii lilirudi na shilingi zake zote.

Tangu hapo tulinakili kila Ijumaa, kanda mbili kwa zamu. Moja ilikaa ofisini. Nyingine aliichukua yeye, akaifunga katika mfuko wa nailoni na kuiweka kabatini, mbali na redio, maana spika ina sumaku na sumaku haijui huruma.

Septemba ile diski ilikufa, siku ya Jumatano. Kanda ya nyumbani ikarudisha yote hadi Ijumaa iliyotangulia. Ya siku zilizobaki tuliyaokota kwenye stakabadhi.

Mwezi Novemba akaja mjane wa yule mwenzetu kutoka Muleba. Kitabu cha mumewe kilizama naye. Nilimkaribisha kiti, nikamtafuta marehemu kwenye kioo, nikamsomea polepole: jina lake yeye, na majina ya watoto watatu, kama mumewe alivyoyaandikisha.

“Soma tena, baba,” akaniambia.

Nikasoma tena.