Barua kwa Mdogo Wangu: Ufaransa kwa Motahomu

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi hapa Reading ni wazima, tumerudi salama na nguo za safari bado zinasubiri kufuliwa. Uliniuliza kwenye simu kama kweli familia yenye watoto watatu inaweza kukodi motahomu, yaani gari la kulala, ikavuka maji kutoka Uingereza hadi Ufaransa na kurudi bila kuingia madeni. Inaweza. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu watoto hawatuachii nafasi ya kumaliza jambo.

Nianze na lile ninaloliamini kuliko yote: kinachokula pesa katika safari hii ni haraka. Watu wakishapata gari huona lazima wafike Mediterania, na kutoka Calais hadi Nice ni kama kilomita 1,200. Wanamaliza dizeli, wanalipa ushuru wa barabara kila mara, watoto wanalia nyuma, na wakifika ni wakati wa kugeuza. Nyinyi msiende huko. Pwani ya kaskazini, kuanzia Calais mpitie Normandy hadi Brittany, inawatosha likizo nzima.

Karatasi kwanza. Wewe na watoto mna pasipoti za Uingereza, kwa hiyo hamhitaji visa, ila angalieni tarehe: siku ya kuingia pasipoti iwe haijatimiza miaka 10 tangu ilipotolewa, na iwe imebakiza angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka. Shemeji bado ana ya Tanzania, basi yeye ataomba visa ya Schengen. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisiwe chini ya siku 15, lakini asisubiri huko mwisho. Wanataka bima ya matibabu ya euro 30,000 na uthibitisho wa mahali pa kulala, na hapa ndipo wenye motahomu wanapokwama, kwa kuwa maegesho mengi ya bei nafuu hayakatiwi nafasi mapema. Aambatanishe mkataba wa kukodi gari, ratiba ya safari siku kwa siku, na nafasi za kwenye kambi ambazo zinaweza kufutwa bila kukatwa pesa. Na nyote mwombe kadi ya matibabu ya GHIC kutoka NHS. Ni bure kabisa, msikubali tovuti yoyote inayodai malipo.

Kuhusu wakati, kwa sababu shule zinabana, chagueni wiki ya mapumziko mwishoni mwa Mei. Watoto wa Kifaransa wengi wanakuwa darasani, kwa hiyo maegesho yana nafasi na bei hazijapanda. Mwezi Agosti nchi nzima iko barabarani. Kuna huduma ya serikali yao iitwayo Bison Futé inayotangaza msongamano kwa rangi, na Jumamosi za mwanzo wa Agosti huwa nyekundu au nyeusi.

Gari ndilo gharama kubwa kuliko zote. Katikati ya kiangazi kodi ya wiki moja hupita pauni 1,000 kirahisi, Mei hushuka. Mbali na makampuni, siku hizi watu binafsi hukodisha magari yao kupitia mtandao, na mara nyingi ni nafuu. Kabla hujatoa hata senti, uliza kama unaruhusiwa kulivusha nje ya nchi na kama utapewa VE103, yaani cheti cha gari la kukodi, uliza ukiligonga unatoa kiasi gani mfukoni kabla bima haijaanza kulipa, kisha uliza kimo cha gari. Najua hilo la kimo linashangaza. Kwenye barabara za kulipia za Ufaransa, gari lisilofika mita 3 kwenda juu na lisilozidi tani 3.5 huwekwa daraja la 2. Likifika mita 3 linaingia daraja la 3, na ushuru unapanda. Tani 3.5 ndiyo pia kikomo cha leseni yako ya kawaida. Usijaze tangi la maji nyumbani: lita 100 ni kilo 100, na mizigo ya watoto watatu unaijua.

Kuvuka, linganisheni Dover–Calais na Newhaven–Dieppe. Ya kwanza ni kama saa moja na nusu, ya pili ni kama saa 4, na safari za katikati ya wiki au za usiku huwa rahisi zaidi. Katika chakula mkumbuke kwamba nyama na maziwa na vyote vitokanavyo na hivyo haviruhusiwi kuingia Ulaya kutoka Uingereza, kwa hiyo sambusa za nyama zibaki nyumbani. Matunda mabichi nayo yanahitaji cheti, isipokuwa matano: ndizi, nanasi, nazi, tende na doriani. Nilipoisoma orodha hiyo nilifurahi, ni kama imeandikwa na mtu wa Unguja! Bebeni mchele, unga, dengu, tui la kopo na viungo. Nyama halali mtaipata kwenye maduka makubwa ya vyakula na kwa wachinjaji wa mijini kama Rouen, Caen na Rennes.

Sasa malazi, ambako ndiko Ufaransa inakowashinda majirani zake wote. Miji na vijiji vingi vina maegesho maalumu ya magari ya kulala, wanayaita aire. Mengine ni ya bure, mengine unalipa euro 10 au 15 kwa usiku, na penye huduma unajaza maji safi na kumwaga maji machafu na ya choo. Kwenye bomba usome maandishi: eau potable ndiyo ya kunywa, non potable usiiguse. Pale ni pa kulala tu. Viti, meza na turubai la kivuli ni vya kwenye kambi. Mkitaka watoto wacheze nje na nyinyi muoge kwa raha, tafuteni kambi za manispaa, camping municipal, ambazo ni safi na bei yake ni ya watu wa kawaida. Halafu kuna mpango wa France Passion: unalipa ada ya mwaka mara moja, na wakulima wanakukaribisha ulale shambani kwao saa 24 bila malipo. Hawalazimishi mtu kununua. Sisi tulinunua jibini na juisi ya tufaha kwa hiari, na watoto walilisha mbuzi hadi jua likazama. Hayo ndiyo malazi niliyoyapenda kuliko hoteli yoyote niliyowahi kulala.

Njia yenyewe naipenda hivi. Kutoka Calais A16 haina ushuru hadi Boulogne, kisha mshike barabara za pwani hadi Le Crotoy kwenye Ghuba ya Somme. Le Hourdel, ng'ambo ya pili ya ghuba, maji yakipwa watoto wataona sili wamelala mchangani. Msiwasogelee, tazameni kwa darubini. Mkifika mto Seine, madaraja makubwa ya Normandie na Tancarville ni ya kulipia, lakini kuna vivuko vinavyoendeshwa na serikali ya mkoa, na kimoja kiko Jumièges karibu na magofu ya abasia kongwe. Unaingia na gari kama kwenye pantoni la Kigamboni, isipokuwa hapa nauli haipo kabisa. Wanangu waliomba turudie.

Mbele kuna fukwe za vita vya Juni 6, 1944. Huko Arromanches mabaki ya bandari ya kuelea bado yanaonekana baharini, na kwenye makaburi ya Wamarekani ya Colleville-sur-Mer, yenye zaidi ya misalaba na alama 9,300, hakuna kiingilio. Wakubwa wako wawili wafike pale. Mwanangu alisoma umri wa wale askari jiwe kwa jiwe, akanyamaza, halafu akauliza maswali njia nzima.

Kutoka Caen hadi Rennes, A84 ni ya bure, na Brittany haina barabara za kulipia. Mont-Saint-Michel msiegeshe pale chini, ni ghali. Laleni Beauvoir na mfuate njia ya miguu kando ya mto Couesnon. Kuingia kisiwani ni bure, na watoto hawalipi kwenye abasia. Malizieni Cancale, mle chaza kwenye vibanda vya ufukweni. Kama shemeji hali chaza, kuna kome.

Dizeli jazeni kwenye vituo vya maduka makubwa, kamwe si kwenye barabara kuu, na muangalie vizuizi vya kimo kabla ya kuingia maegeshoni. Barabara nyingi za vijijini kikomo ni kilomita 80 kwa saa. Shemeji amezoea kushika kushoto tangu Tanga, kwa hiyo asubuhi, akitoka tu kambini, wewe umkumbushe: kulia.

Chagueni wiki, shemeji aanze ombi la visa mwezi huu, kisha unipigie tupange kambi za usiku wa kwanza na wa mwisho pamoja.

Dada yako anayekupenda