Twende Bujora Kutazama Ngoma

Ukifika Mwanza mwezi Juni, uliza habari za Bulabo. Panda gari la Kisesa, barabara ya Musoma, kisha nenda Bujora. Chukua maji, kofia na kitambaa cha kuzuia vumbi. Asubuhi kuna ubaridi. Mchana jua huchoma.

Wasukuma hushindanisha ngoma mbili kwa wakati mmoja. Huku Bagika, kule Bagalu. Ngoma yenye watazamaji wengi ndiyo hushinda. Basi wewe ukihama, umepunguza huku na kuongeza kule. Nyoka akionyeshwa, watu hukimbia wote kwenda kumwona. Mshike mtoto mkono! Upepo ukivuma kwa nguvu, wengine hutafuta kivuli. Wachezaji hawaachi, maana ngoma iliyokimbiwa na watu imeshindwa.