Miji ya Kale na Mwalimu wa Kiswahili

Mwalimu wa lugha aliyepata nafasi ya kusoma nje ya nchi yake huulizwa, arudipo, amepata cheti gani na amesoma vitabu gani. Ni nadra kuulizwa alikwenda wapi siku za Jumamosi na Jumapili. Ilhali sisi tuliotoka Uganda mwaka 2009 kwenda Dar es Salaam, kwa masomo ya mwaka mmoja ya ufundishaji wa Kiswahili, tunaona kwamba sehemu kubwa ya elimu yetu tuliipata katika siku hizo mbili za mapumziko, tulipokuwa tukiizuru miji ya kale ya pwani.

Yafaa tueleze kwanza tulikwenda na mzigo gani moyoni. Kwetu Kiswahili kina jina lenye doa. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na katika miaka ya utawala wake, mpaka alipoangushwa mwaka 1979, raia wengi walikisikia kinywani mwa askari kwenye vizuizi vya barabarani. Hata leo mwalimu wa Kiswahili hukutana na mzazi amwambiaye kwa upole, "Mwalimu, mfundishe mwanangu hesabu, lugha ya bunduki aiache." Mzazi huyo hasemi upuuzi, anasema aliyoyaona. Nasi, kabla ya kufika pwani, hatukuwa na jibu la kumpa, ila kwamba Kiswahili kimo katika mtihani.

Mji wa kwanza tuliouzuru ulikuwa Bagamoyo, mwendo wa kilomita 70 hivi kaskazini ya Dar es Salaam. Tulianzia Kaole, kusini ya mji, penye magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo. Kutoka hapo tulikwenda mpaka misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, ambayo ilikuwa na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Hapo tulikumbuka jambo lililotugusa kwa karibu. Wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki waliofika Buganda mwaka 1879 walianza safari yao ya nchi kavu papa hapa Bagamoyo, mwaka 1878, wakaifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na nyayo za wapagazi. Tulikuwa tumesimama kwenye mwanzo wa barabara ambayo sisi tulizaliwa mwishoni mwake.

Jina la mji lenyewe lilitupa mjadala wa njia nzima ya kurudi. Wako wasemao kwamba ni neno la mpagazi aliyefika salama kutoka bara: autue mzigo, aubwage moyo, apumzike. Wako wasemao kwamba ni neno la mateka aliyeiona bahari akajua kwamba harudi tena kwao. Mwenzetu mmoja alitaka tuchague maana moja ya kuwafundishia watoto. Wengine tulikataa. Kitenzi ni kile kile, na watu wa aina zote mbili walipita hapo, mmoja akienda kwa ujira, mwingine akiburutwa. Mwalimu atakayetoa maana moja tu atakuwa amewafunza watoto nusu ya habari.

Juma lililofuata tulivuka bahari kwenda Unguja. Katika Mji Mkongwe, mtaa wa Mkunazini, tuliliona Kanisa Kuu la Anglikana, lililoanza kujengwa mwaka 1873 juu ya uwanja wa soko la watumwa, mwaka ule ule ambao Sultani Barghash alikubali kulifunga soko hilo. Nje pana sanamu za watu wamesimama shimoni, minyororo shingoni. Ndani, nyuma ya madhabahu, pana kaburi la Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882. Steere ndiye aliyetoa mwaka 1870 kitabu mashuhuri cha kujifunzia Kiswahili, kwa maneno aliyoyakusanya kutoka kwa wenyeji wa mji huu. Kwa mwalimu wa lugha, hatua zile chache kutoka kwenye minyororo hadi kwenye kaburi la mwanasarufi ni somo zito. Lugha ambayo tumezoea kuiona katika majedwali ya ngeli ilikusanywa katika mji ambamo watu walikuwa wakiuzwa. Na lahaja ya mji huo huo, Kiunguja, ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kuusimamia usanifishaji ilikuwa ya nchi nne, na Uganda ilikuwa mojawapo. Tangu hapo, basi, sisi hatukuwa wageni waalikwa. Tulikuwa wenye nyumba pamoja na wengine.

Lakini kilichotutikisa zaidi Unguja kilikuwa neno moja tu. Tulifika jioni kwenye nyumba ya wageni, tukabisha hodi, tukamwamkia mama mwenye nyumba. Alipokwisha kuitikia marahaba, alisema, "Mbona mmesimama, wanangu? Kaeni hapo barazani, chai inakuja." Akatuonyesha benchi la mawe lililojengwa ukutani, mbele ya mlango. Kwetu, baraza ni mkutano ulioitishwa na serikali: raia huketi juani, mkubwa huketi kivulini akahutubia. Hapa baraza lilikuwa mahali pa kumkaribisha mgeni. Tukiwa tunakunywa chai, mwenzetu Mganda alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba nyumba ya bibi yake huko kijijini ina olubalaza, na kwamba hajapata kulifikiria neno hilo. Sote tulilijua. Olubalaza kwa Kiganda ndicho kibaraza cha mbele ya nyumba, mahali pa kupokea wageni na kuanika kahawa. Neno lilikuwa limetembea kwa miguu kutoka pwani hadi ziwani, likaingia katika nyumba za babu zetu likiwa na maana yake ya ukarimu, kabla ya serikali yoyote kulifanya mkutano. Usiku ule tuliyaorodhesha mengine: ekitabo, emmeeza, ekkalaamu, essaawa. Kitabu, meza, kalamu na saa: ndivyo vyombo vyote vya darasa. Hakuna hata kimoja kati yake kilicholetwa na askari wa mwaka 1973.

Kilwa Kisiwani ni mbali zaidi, kilomita 300 hivi kutoka Dar es Salaam, nasi tulingoja mpaka sikukuu ilipoangukia siku ya Ijumaa. Daraja la Mkapa katika mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, lilitufupishia safari, ingawa sehemu ya barabara ng'ambo yake ilikuwa bado ya vumbi. Kutoka Kilwa Masoko tulivuka kwa mashua. Ibn Battuta alifika kisiwani hapa mwaka 1331, akauona kuwa mmoja wa miji mizuri kabisa. Tuliyaona mabaki ya jumba la Husuni Kubwa juu ya mwamba, na Msikiti Mkuu wenye kuba, uliojengwa kwa matumbawe na chokaa. Wareno waliushambulia na kuupora mji huu mwaka 1505.

Karibu na ufuko pana ngome iitwayo Gereza. Wataalamu husema neno hilo limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Nasi twalijua kwa maana ya jela. Mmoja wetu alimwuliza mzee aliyetuongoza, "Mzee wetu, ngome hii ni ya nani hasa?" Mzee akacheka. "Alikuja Mreno, akaja Mwarabu, akaja Mjerumani. Kila mmoja alisema ni yangu. Leo ni ya popo."

Hapo ndipo tulipolipata jibu la kumpelekea mzazi wa kwetu. Mtawala huitumia lugha, lakini haimiliki. Mreno aliacha neno, akaenda zake. Watu wa Kilwa wakalichukua, wakaliingiza katika ngeli yao, wakalitumia watakavyo. Amin naye alikitumia Kiswahili kwa miaka minane, naye akaenda. Lugha iliyoishi muda wote huo haiwezi kuhesabiwa kuwa mali ya mtu wa miaka minane. Hata hivyo jibu hili halimpi mwalimu ruhusa ya kuficha minyororo ya Mkunazini. Misafara iliyotuletea kalamu ilirudi pwani na mateka, na waliowaongoza walinena Kiswahili hicho hicho. Mzazi akituambia kwamba lugha hii imepata kuumiza watu, tumkubalie, kisha tumwonyeshe olubalaza lake mwenyewe.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Mwezi wa Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tulifurahi, na bado twafurahi. Lakini watu wetu wamewahi kupewa Kiswahili kwa amri, na wanakumbuka. Amri yaweza kumweka mtoto darasani; haiwezi kumfanya aipende lugha. Kazi hiyo ni ya mwalimu.

Miji yenyewe haitungojei. Kilwa ilikuwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 2004 hadi 2014. Jumba la Beit-el-Ajaib la Unguja, lililojengwa mwaka 1883 na ambalo tulilipiga picha nyingi, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, atakayepata nafasi ya kusoma pwani asizimalize Jumamosi zake bwenini. Achukue daftari, aamkie watu, aulize, na kila safari arudi japo na maneno matatu na habari zake. Naye asiye na nauli asikate tamaa. Awatume wanafunzi wake nyumbani wakawaulize wazee majina ya vitu vya nyumba kwa lugha ya kwao, kisha wayaandike ubaoni kando ya majina ya Kiswahili. Wataona wenyewe ni mangapi yanayofanana.