Majani ya Pwani ya Baridi Yaliyotibu Kiseyeye

Kwenye miamba ya pwani ya Iceland, penye baridi na upepo wa chumvi, huota mmea mfupi wenye maua meupe na majani yenye umbo la kijiko. Wenyeji huuita skarfakál. Ni wa jamii ya kabichi, na ukali wake unakaribia haradali.

Zamani mabaharia waliokaa miezi bila mboga wala matunda walipata kiseyeye: fizi zilitoka damu, meno yakalegea, wengi wakafa. Waliofika nchi kavu mapema waliyala majani haya mabichi wakapona, kwani yana vitamini C. Yakikaushwa, nguvu hupungua.

Mwili haujitengenezei vitamini hiyo. Mzazi, mtoto akikataa mboga, mpe pera au chungwa.