Daftari la Duka la Njia Panda

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Juzi nimefungua daftari lake la Kiingereza nikakuta "Borrow me your dictionary", pembeni tiki nyekundu ya mwalimu. Nikamwuliza, je, "lend"? Akanijibu, "Mjomba, si ni yale yale?"

Watoto wa rika langu kwetu Nyololo, Mufindi, wasingejibu hivyo. Pale barabara ya Igowole na Kibao inapoachana na barabara kuu iendayo Makambako palikuwa na duka, linanuka mafuta ya taa, sabuni ya mche na majani ya chai ya Mufindi. Mwenyewe alisoma middle school enzi za mkoloni. Daftari lake la madeni lilikuwa na pande mbili: kushoto ameandika LENT, chumvi na sukari walizochukua majirani, kulia BORROWED, mali kauli aliyoletewa kutoka Mafinga. Mimi nasema ilikuwa 1978, dada anasema 1979, kwa kuwa sukari ilikwisha kuadimika. Na iwe hivyo.

Ukitumwa chumvi ya mkopo, hapimi kwanza.

"Anayetoa nani?"

"Wewe, babu."

"Kwa hiyo mimi?"

"Lend."

"Na mama yako?"

"Borrow."

Hapo ndipo anashika mizani.

Alijua tunapojikwaa. Kwa Kiswahili unasema "niazime jembe", na ukishalipata unasema "nimeazima jembe". Kitenzi ni kimoja kwa mwenye jembe na kwa mwombaji. Kwenye fedha hatuchanganyi: mmoja anakopa, mwingine anakopesha. Kwa hiyo mzee hakuanza na jembe wala kalamu, alianza na deni, ambalo hata mtoto wa darasa la tatu anajua ni la nani.

Mzee akafariki. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ikatoa kamusi yake ya Kiingereza-Kiswahili 1996, zikaja shule za kata, zikaja simu, nazo siku hizi zinakopesha. Pale dukani sasa wanatoa na kuweka pesa. Inaniuma kuona kijana anakopa kwa simu bila kukosea hata kitufe, halafu darasani, kwa lugha anayosomea karibu masomo yote, hajui yuko upande gani wa deni, na anapewa tiki.

Walimu wa Kiingereza, acheni kwanza mifano ya kalamu na kitabu. Choreni daftari la duka ubaoni, pande mbili, mwiteni mwanafunzi mmoja awe mwenye duka, na asipime chumvi mpaka ajibiwe.